Vyumba 11 vya Ng'ambo: shajara ya mradi wa kodi

Tarehe 4 Januari

Nimemaliza kunakili daftari la mwisho la babangu. Yako matano, ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kila mwezi una ukurasa wake: nambari ya mlango, kiasi, na alama ya vyema kwa wino wa bluu. Aliyelipa nusu alichorewa kijiti kifupi tu, na alipomaliza akaongezewa kile kirefu. Ilinichukua asubuhi nzima kuitambua siri hiyo, na nilipoitambua nikaona hesabu zake zimekaa sawa karibu kila mwezi. Kwa hivyo mradi huu wa kuhamishia hesabu za kodi kwenye kompyuta hauanzi kwa sababu daftari lilikuwa baya. Unaanza kwa sababu mwenye daftari ametutoka, na mimi niliyerithi naishi Tudor, nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini siku sita kwa wiki, na Mshomoroni, ng'ambo ya maji iliko nyumba, nafika Jumapili peke yake.

Nyumba yenyewe ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vinne kila upande, ua nyuma wenye kisima na choo, na huko uani bedsita tatu alizoziongeza babangu mwisho mwisho. Chumba ni Sh 4,000 kwa mwezi, bedsita Sh 6,500. Wakilipa wote ni Sh 51,500. Nyumba ni yetu lakini ardhi si yetu. Asiye wa Mombasa huniuliza mara mbili iwapo amesikia vizuri, ila huku ni jambo la tangu zamani: mwenye kiwanja anakupa mahali, wewe unajenga, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi. Kwa hivyo ndani ya mwezi mmoja mimi ni mwenye nyumba kwa watu kumi na moja na ni mpangaji kwa mtu mmoja. Naliandika hili mapema kwa sababu nataka kulikumbuka nikianza kupanga jinsi ya kudai.

Mwana wa kakangu, anayesoma mambo ya kompyuta, amekodi seva ndogo, kompyuta ya mbali inayokaa mtandaoni saa zote, leo jioni na kuitia cheti cha usalama. Tumeanza.

Tarehe 11 Januari

Kabla ya kuandika chochote nilijaribu programu iliyo tayari, ya ng'ambo ya mbali hasa. Nzuri kwa macho. Lakini imejengwa kwa mtu mwenye mkataba wa mwaka, anayelipa mara moja kwa mwezi, kwa kadi ya benki, kutoka akaunti yenye jina lake. Desemba nilipokea malipo 17 kwa vyumba 11, yote kwa M-Pesa kwenye simu yangu, na sita kati yake yalitoka kwa watu nisiowajua: kaka analipia dadake kutoka Nairobi, tajiri anamlipia kibarua wake, mume aliye Ghuba anatuma kwa shemeji na shemeji ndiye anayenitumia mimi. Ile programu ingewahesabu hao wote kuwa wageni. Tena inakuja na faini ya kuchelewa ikiwa imewashwa tayari. Mimi sitozi faini, babangu hakutoza, na sitaki kuanza kwa sababu kisanduku fulani kilikuwa na alama.

Tumeamua: lahajedwali ya Google Sheets iwe ndilo daftari, skripti chache za Python, yaani programu fupi, kwenye seva, na namba ya Paybill, ile ya M-Pesa ya biashara, badala ya namba yangu. Nilisajili jina la biashara, nikaomba. Faida ya Paybill ni kwamba mlipaji huandika pia namba ya akaunti, kwa hivyo hata alipe nani, fedha zinakuja zikisema ni za chumba gani. Till, ile namba nyingine ya M-Pesa ya kulipia dukani, haina nafasi hiyo. Wenye nyumba wengi ninaowafahamu wametundika till ukutani kama dukani, kisha usiku wanakaa kubahatisha majina.

Tarehe 25 Januari

Siku mbili zimepotea kwa jambo dogo. Daraja, mlango wa Safaricom kwa watengenezaji programu, unakutaka usajili anwani ya seva yako ili kila malipo yakiingia wakutumie taarifa. Yetu ilikataliwa tena na tena, bila maelezo ya maana. Mwisho tukasoma maandishi yao taratibu: anwani isiwe na neno mpesa wala safaricom ndani yake. Yetu ilikuwa nalo la kwanza. Tukabadilisha likawa "malipo", ikapita papo hapo. Ninayeandika Kiswahili nilitia neno la kampuni mahali ambapo neno letu lilikuwepo.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa uamuzi. Ukiwa na hatua ya kuthibitisha malipo, kabla fedha hazijapokelewa seva yako huulizwa kama akaunti hiyo inajulikana. Isipojibu kwa wakati, yafuatwe yale uliyoyachagua ulipojisajili: malipo yakamilike, au yavunjwe. Mwana wa kakangu alitaka yavunjwe, ndio usafi wa hesabu. Nikakataa. Mtu amebanabana mpaka amepata elfu nne, akizirudishiwa usiku huo zitakuwa zimeliwa na mambo mengine kabla ya asubuhi. Intaneti yangu ikizimika iwe shida yangu mimi. Tumechagua yakamilike.

Tarehe 8 Februari

Mwezi wa kwanza wa Paybill. Malipo 15, na haya ndiyo yaliyoandikwa kwenye sehemu ya akaunti: "4", "chumba 4", "ch4", "room4", "O4" kwa herufi O, "kodi", na jina la mtoto. Skripti ilikuwa ikitafuta tarakimu ndani ya maandishi, na mpangaji wa 1 akaonekana amelipa mara tatu, kwa sababu moja imo ndani ya 10 na ndani ya 11. Hiyo tungeweza kuirekebisha kwa mstari mmoja. Lakini nikajiuliza kwa nini namlazimisha mtu akumbuke tarakimu ambayo hata kwenye mlango ilishafutika.

Jumapili nilikaa barazani na kina mama tukavipa vyumba majina ya matunda. Embe, Ndizi, Nazi, Fenesi, Pera, Ukwaju, Zambarau, Papai, vyumba vya ndani. Topetope, Bungo na Shokishoki zile bedsita za uani. Kulikuwa na mabishano makali juu ya Embe. Mtoto mmoja amechora tunda lake kwa chaki mlangoni. Skripti sasa inageuza herufi zote kuwa kubwa, inaondoa nafasi, na ikikuta jina lina kosa la herufi moja inalikubali. Nina hakika hakuna atakayechanganya Zambarau na Nazi.

Taarifa ileile moja huweza kufika mara mbili, kwa hivyo kabla ya kuandika safu mpya skripti inatazama kama msimbo wa malipo, zile herufi na tarakimu kumi, umeshaandikwa. Namba ya simu ya mlipaji huja imefichwa, na mimi naona ni sawa. Nilichohitaji kujua ni chumba. Kwa ajili hiyo hiyo nimeziondoa namba za vitambulisho kwenye lahajedwali. Nakala ziko kwenye bahasha kabatini. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamhusu hata mwenye vyumba kumi na moja, na mwana wa kakangu hana haja ya kujua kitambulisho cha mtu ili arekebishe skripti.

Tarehe 1 Machi

Leo tumewakosea watu.

Kumbusho la kodi lilikuwa litoke asubuhi ya tarehe moja. Mwana wa kakangu aliniuliza kwa simu, "Saa ngapi, shangazi?" Nikamwambia saa tatu. Akaandika 3. Seva haihesabu saa kama sisi. Tatu yake ni saa tisa ya usiku. Simu kumi na moja zikalia gizani. Mama wa Papai alinipigia saa tisa na dakika nne, sauti inamtetemeka. Mumewe yuko Ghuba, na ujumbe wa saa hizo kwake una maana moja tu. "Nilidhani ni habari za baba watoto." Nilimwomba radhi, na asubuhi nikawapigia wote mmoja mmoja. Sasa kila mahali penye saa tumeandika kwa maneno pembeni yake, "saa tatu asubuhi", na skripti inakataa kutuma chochote kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa mbili usiku, hata iamriwe na nani.

Jingine la ujumbe, la gharama. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Yetu ilikuwa 148, lakini bili ikaja ya jumbe tatu kwa kila mtu. Mkosaji ni ritifaa. Nilikuwa nimetia sahihi "Nyumba ya Ng'ambo", na simu yangu nilipoandikia iligeuza ule mkato ulionyooka ukawa wa kupinda. Alama hiyo moja haimo katika herufi za SMS za kawaida, kwa hivyo ujumbe wote unahamia kwenye mpangilio mwingine wenye nafasi ya herufi 70, na ukigawanywa 67 kila kipande. Tumerudisha mkato ulionyooka, ikawa ujumbe mmoja, chini ya shilingi. Anayeandika Kiswahili kwenye mitambo hii atakutana na ng' mapema sana, kwa hivyo naliacha hapa.

Maji nimeyaacha. Nilitaka kila chumba kiwe na mita ndogo na hesabu itoke yenyewe, lakini bomba likikauka wiki nzima tunanunua mitungi ya mkokoteni, na hakuna skripti itakayojua nani alichota ngapi. Kina mama wanagawana wenyewe na hawajawahi kugombana.

Tarehe 12 Aprili

Nimerudi kutoka Mshomoroni sasa hivi, naandika kabla sijapoa.

Mwezi jana tuliongeza ujumbe wa deni: ifikapo tarehe 10, ambaye hajaonekana kulipa anapata SMS. Juzi ilitoka kwa watu wanne. Leo nimemkuta mzee wa Ukwaju amekaa barazani ananingoja. Simu yake huifunga kwa kitambaa. Akakifungua taratibu, akanionyesha wa kwanza, ujumbe wangu: UKWAJU, deni Sh 4,000, tafadhali lipa leo. Kisha akanionyesha wa pili, wa M-Pesa, malipo ya tarehe 5, saa moja asubuhi, kwa Paybill yangu, akaunti Ukwaju. Hakukosea hata herufi.

"Mwanangu," akasema, "nyumba hii nimekaa miaka kumi na tisa. Babako akinidai. Miezi mingine akinidai sana. Lakini alikuwa akija mwenyewe, anakaa hapo ulipo, anaagiza kahawa, ndipo anasema."

Nikamwambia si mimi niliyemdai, ni mtambo.

"Mtambo ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti: "Na mimi ningekuwa nao, ungekuandikia nini? Bati la juu ya kitanda changu nilikwambia Novemba."

Niliingia ndani. Ameweka sufuria kichwani mwa kitanda, na kitanda amekivuta mpaka kimezuia nusu ya mlango. Juu, pembeni mwa msumari, bati limeliwa na kutu ya chumvi, tundu la ukubwa wa shilingi ishirini, na mwanga unaingia.

Tarehe 13 Aprili

Chanzo kimepatikana. Cheti cha usalama cha seva ni cha siku 90. Tulikitia tarehe 4 Januari. Kiliisha tarehe 4 Aprili. Hujihuisha chenyewe ukikipangia kazi hiyo, nasi hatukupanga. Tangu hapo taarifa za malipo zilipiga hodi zikakuta mlango umefungwa. Fedha ziliingia, kama tulivyochagua, lakini daftari halikuziona. Watatu kati ya wale wanne walikuwa wamelipa.

Tuliyobadilisha. Cheti kinajihuisha, na kikibaki na siku 20 napata onyo. Kila Ijumaa napakua taarifa ya akaunti ya Paybill na skripti inailinganisha na lahajedwali, msimbo kwa msimbo. Tofauti ya shilingi moja inakuja nyekundu. Hili lilipaswa kuwepo siku ya kwanza. Mimi nafanya kazi ya mizigo, hakuna kontena linalotoka bila karatasi mbili kulinganishwa, na kwa kodi za watu niliamini karatasi moja.

Ujumbe wa deni nimeufuta kabisa. Programu sasa inanitengenezea mimi orodha: chumba, kiasi, na je, mwezi kama huu mwaka jana alichelewa pia. Kupiga simu napiga mwenyewe. Orodha ya Aprili ilikuwa na mtu mmoja tu, kijana wa Bungo, anafanya kazi hotelini Bamburi. Baada ya Pasaka wageni hupungua, hoteli hupunguza zamu, na safu za nyuma zinaonyesha yeye huteleza Aprili mpaka Juni kisha hulipa lote. Tumekubaliana elfu mbili mbili. Mazungumzo yalichukua dakika tatu, na hayangewezekana bila zile safu mbele yangu. Kumbe hapo ndipo mashine inaponisaidia.

Tarehe 27 Aprili

Nimekaa na simu yangu jioni mbili, nikafukua jumbe na sauti zote za WhatsApp tangu Novemba, nikaandika kila kitu nilichoombwa na wapangaji. Yako tisa. Manne nilitimiza. Matano yalikuwa yamelala, na la zamani kuliko yote ni bati la mzee wa Ukwaju. Nilikuwa najua deni la kila mlango hadi shilingi ya mwisho, huku la kwangu halikuwa limeandikwa popote.

Sasa lahajedwali ina ukurasa wa pili, unaitwa Ninachodaiwa. Safu: chumba, kitu, siku liliposemwa, siku lilipomalizika, na skripti inahesabu siku zilizopita. Niliandaa fomu ya kujaza kwa simu, yenye nafasi ya picha. Vijana wawili wanaitumia. Wengine wanamwambia msimamizi wa nyumba, naye ananitumia sauti, naandika mimi. Yatosha. Kila Ijumaa, pamoja na orodha ya kodi, napata na hii, ya kwangu, na ya kwangu inatangulia. Nimeichapisha pia na kuibandika ukumbini. Ya kodi haibandikwi; deni la mtu ni siri yake. La mwenye nyumba acha lisomwe.

Tarehe 18 Mei

Masika imeingia kwa nguvu. Fundi alipanda tarehe 3, kabla ya mvua kubwa. Kumbe si bati moja, ni manne. Kutu huanzia tundu la msumari, mpira wa chini ya kofia ukishakauka maji ya chumvi hukaa hapo. Tumeweka ya geji 28 na misumari mipya, na fundi amepita juu ya paa lote kubadilisha misumari iliyolegea. Gharama imekula zaidi ya nusu ya kodi ya mwezi. Jana ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilimpigia mzee kumuuliza, akaniambia kitanda amekirudisha ukutani.

Ukwaju, bati: siku 171. Nimeifunga safu hiyo.

Tarehe 19 Juni

Ushuru wa kodi ya nyumba. Mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na skripti hunikumbusha tarehe 15. Anayepokea kati ya Sh 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote tangu Januari 2024, awali ilikuwa 10. Gharama hazitolewi, kwa hivyo mabati hayakunipunguzia hata senti. Mei niliingiza Sh 49,500, ushuru Sh 3,712.50. Nimeingia iTax, tovuti ya mamlaka ya mapato, nimelipa, nimeambatisha risiti. Kazi ya hesabu ya mwezi mzima sasa ni kama dakika 40. Ilikuwa Jumapili mbili.

Kisha nikapanda matatu kupeleka kodi ya ardhi. Huko hakuna Paybill. Mzee wa makamo aliyekaa nyuma ya meza anapokea noti, anazihesabu mara mbili, anaandika risiti kwa mkono, na kabla ya yote hayo ananiuliza hali ya nyumbani. Nimeipiga picha risiti, nimeitia kwenye folda yake.

Zilizobaki wazi kwenye Ninachodaiwa: Bungo, komeo la mlango, siku 6. Fundi anakuja Jumamosi saa tatu asubuhi, nimemwandikia kwa maneno. Nazi, taa ya ukumbini mbele ya mlango wake, siku 2. Balbu nimeshainunua, imo mkobani.